Shule Iliyoinyamazisha, Shule Inayoirudisha: Kihokkien katika Madarasa ya Taiwan

Tarehe 12 Julai 1885, mjini Tainan, kusini mwa kisiwa cha Taiwan, lilitoka gazeti la kwanza kupigwa chapa kisiwani humo. Lilikuwa gazeti dogo la kanisa, lenye habari za waumini, mafundisho na barua. Lakini mwanamke aliyekuwa hajawahi kukanyaga shule aliweza kujifunza kulisoma kwa muda mfupi, kwa sababu liliandikwa kwa lugha aliyoipigia soga na majirani zake: Kihokkien, kwa herufi za Kilatini. Mhariri wake alikuwa Thomas Barclay, mmisionari wa Kipresbiteri kutoka Glasgow, na mtambo wa kuchapia ulikuwa zawadi ya Daktari James Maxwell, aliyefika Tainan mwaka 1865 kutibu na kuhubiri. Katika toleo hilo la kwanza Barclay aliwasihi wasomaji wajifunze mwandiko huo, unaojulikana kama Pe̍h-ōe-jī. Hoja yake ilikuwa nyepesi: herufi za Kichina zilidai miaka mingi ya masomo, na wengi hawakuwa na miaka hiyo.

Naanzia hapo ili tusije tukadhani kwamba Kihokkien ni lugha iliyokuwa haijui kalamu mpaka serikali ilipoihurumia. Iliwahi kuwa na gazeti, shule, Biblia na kamusi. Ilipopotea darasani, ilipotezwa kwa amri, na amri hizo zina tarehe.

Chimbuko la lugha hii ni kusini mwa mkoa wa Fujian, China, katika miji ya Quanzhou, Zhangzhou na Xiamen. Wafanyabiashara na vibarua waliondoka nayo wakaifikisha Manila, Penang, Singapore na Medan. Taiwan iliipokea kwa wingi tangu karne ya 17. Waholanzi walioweka ngome zao kisiwani kuanzia 1624 waliwataka wakulima wa kulima mpunga na miwa, na vijana wa Fujian wakavuka mlango wa bahari kuitikia. Mwaka 1662 kamanda Zheng Chenggong aliwafukuza Waholanzi, mwaka 1683 utawala wa Qing wa China ukakitwaa kisiwa, na uhamiaji ukaendelea. Wageni hao walikuta wenyeji wenye lugha zao, ndugu wa mbali wa Kimalagasi cha Madagaska, ambao kadiri miaka ilivyopita walisukumwa pembeni au kumezwa. Walikuwepo pia Wahakka, wenye lugha yao nyingine ya Kichina. Lafudhi za Quanzhou na Zhangzhou zikachanganyika sokoni na katika ndoa, ikazaliwa lahaja ambayo Wataiwani wengi huiita Tâi-gí.

Enzi za Qing mtoto aliyepelekwa shule alikariri maandiko ya kale ya Kichina, ila aliyasoma kwa matamshi ya Kihokkien. Sauti ya mwalimu darasani ilikuwa sauti ya kwao, ingawa kilichokuwa kitabuni hakikuwa maneno ya mazungumzo yao. Wamisionari walibadili upande huo wa pili. Mwaka 1852, huko Xiamen, Mmarekani John Talmage alitoa kitabu cha kwanza cha kufundishia kusoma Kihokkien kwa herufi za Kilatini. Kazi hiyo ikavuka hadi Taiwan, ambako kanisa lilifungua shule ya sekondari ya wavulana Tainan mwaka 1885 na ya wasichana mwaka 1887. Barclay mwenyewe alikuja kusimamia tafsiri mpya ya Agano Jipya iliyotoka 1916 na Agano la Kale lililotoka 1933. Waumini walifungua shule za Jumapili, wakaandikiana barua, wakaweka hesabu za maduka yao. Kwa miongo kadhaa Wataiwani wa kawaida, wengi wao wanawake, walisoma na kuandika lugha ya mama bila kumwomba mtu ruhusa.

Mwaka 1895, baada ya kushindwa vitani, Qing iliikabidhi Taiwan kwa Japani. Mwaka huo huo Izawa Shūji, aliyesimamia elimu katika utawala mpya, alifungua shule ya Kijapani katika kilima cha Zhishanyan karibu na Taipei. Walimu wake sita waliuawa na waasi siku ya Mwaka Mpya wa 1896, lakini mpango wenyewe haukufa. Kuanzia 1898 zilienezwa shule za msingi za watoto wa Kitaiwani, ambazo lengo lao kubwa lilikuwa Kijapani. Hata hivyo watawala hao hawakukidharau Kihokkien mara moja. Polisi, mahakimu na walimu wa Kijapani walihitaji kuelewana na watu, kwa hiyo walikisoma. Mtaalamu wa lugha Ogawa Naoyoshi alisimamia kamusi kubwa ya Kitaiwani na Kijapani iliyotolewa kwa majuzuu mawili mwaka 1931 na 1932, yenye maneno yapatayo 90,000. Hadi leo kila mtunzi wa kamusi ya Tâi-gí huirejea.

Darasani nako palibaki upenyo. Somo la Kichina cha kale liliendelea, na walimu wengi wa Kitaiwani walilifundisha kwa matamshi yao. Mwaka 1922 likafanywa la hiari, na shule nyingi zikaliacha. Katika miaka hiyo alijitokeza Cai Peihuo, mwalimu wa zamani na mmoja wa viongozi wa Chama cha Utamaduni cha Taiwan kilichoanzishwa 1921. Cai aliona kwamba umma wa wasiojua kusoma ungeweza kuelimishwa upesi iwapo ungefundishwa Pe̍h-ōe-jī, na mwaka 1925 alichapa kitabu kizima kwa mwandiko huo, kinachozungumzia jamii, wanawake, sheria na elimu. Aliomba ruhusa ya kufungua madarasa ya watu wazima. Wakuu walimnyima. Walitambua vizuri kwamba mtu akishajua kusoma kwa lugha yake, haja ya kuwasikiliza wao inapungua.

Vita vya Japani dhidi ya China vilipoanza 1937, upenyo uliobaki ulizibwa. Somo la Kichina liliondolewa shuleni, kurasa za Kichina zikaondolewa magazetini, na familia zilizozungumza Kijapani nyumbani zikapewa hadhi na upendeleo. Gazeti la kanisa nalo lilisimamishwa mwaka 1942. Kufikia mwisho wa vita, takriban asilimia 70 ya watoto wa umri wa shule ya msingi walikuwa wameandikishwa shuleni, kiwango kikubwa kwa koloni la wakati huo, na wote walifundishwa kwa Kijapani. Lakini nyumbani Kihokkien kilikuwa bado kizima. Babu, mama na mtoto walizungumza lugha moja mezani, na shule haikuwa na mkono mrefu wa kufika huko.

Mwaka 1945 Japani ilishindwa, na Jamhuri ya China ikaichukua Taiwan. Wengi walishangilia, wakidhani lugha yao itapumua. Kwa muda mfupi ilielekea kuwa hivyo. Mwaka 1946 iliundwa Kamati ya Kueneza Lugha ya Taifa chini ya mwanaisimu Wei Jiangong. Wei alishauri jambo ambalo leo linaweza kuwashangaza wengi: kwamba njia bora ya kuwafundisha Wataiwani Kimandarini, yaani hiyo lugha ya taifa, ni kwanza kuwarudishia Kitaiwani, kisha kuzilinganisha lugha hizo mbili, kwa kuwa ni za ukoo mmoja. Wenzake walitunga hata alama za sauti za kuandikia Kihokkien, zikatumika kufundishia. Kama ushauri huo ungezingatiwa, historia hii ingekwenda njia nyingine.

Siasa ilitangulia. Tarehe 28 Februari 1947 hasira za wananchi dhidi ya serikali mpya zililipuka, na jeshi likazizima kwa mauaji. Tarehe 20 Mei 1949 ilianza kutumika sheria ya kijeshi, iliyodumu hadi Julai 1987. Chama cha Kuomintang, kilichokuwa kimepoteza China bara, kilihamia Taiwan pamoja na zaidi ya watu milioni moja, askari na raia. Serikali iliyojihesabu kuwa ya China yote ilikitaka kisiwa kizima kizungumze kama China yote, na Kihokkien, lugha ya walio wengi, kikashushwa daraja na kuitwa lahaja.

Kuanzia mwaka 1956 shule zilielekezwa kuhimiza Kimandarini na kupiga marufuku lugha nyingine. Watu wazima wa leo wanakumbuka adhabu zake vizuri sana. Mtoto aliyeponyokwa na neno la nyumbani alitozwa faini, au alichapwa, au alisimamishwa mbele ya wenzake, au alivishwa shingoni kibao kinachotangaza kosa lake. Katika baadhi ya shule aliyevaa kibao hakukivua mpaka amnase mwenzake, na kwa namna hiyo watoto walifundishwa kupeleleza vinywa vya marafiki zao. Msomaji aliyesoma katika shule za Kenya, ambako mtoto aliyekutwa akiongea lugha ya kwao alipitishiwa kidude cha aibu, atautambua mtindo huu bila maelezo. Ngũgĩ wa Thiong'o ameusimulia.

Nje ya shule mambo yalikazwa vilevile. Mwishoni mwa miaka ya 1960 gazeti la Barclay lililazimika kuacha Pe̍h-ōe-jī na kugeukia Kimandarini. Mwaka 1975 polisi walinyang'anya nakala za tafsiri mpya ya Agano Jipya kwa herufi za Kilatini. Mwaka 1970 Huang Chun-hsiung alipeleka kwenye televisheni maigizo ya vikaragosi kwa Kihokkien, na mitaa ikawa mitupu saa za kipindi. Kilifika sehemu 583, kisha mwaka 1974 kikaondolewa hewani. Sheria ya Utangazaji ya mwaka 1976 iliamuru kwamba lugha zisizo Kimandarini zipunguzwe mwaka hadi mwaka. Katika tamthilia zilizobaki, Kihokkien mara nyingi kilikuwa kinywani mwa mpishi, mhuni au mzee asiyesoma.

Pigo kubwa lilitokea nyumbani, mahali ambapo Wajapani walikuwa wameshindwa. Watoto waliovishwa vibao walikua, wakaoa na kuolewa, wakapata watoto. Hawakutaka wanao wapitie walichokipitia wao, wala wakose kazi kwa sababu ya lafudhi. Wakazungumza nao Kimandarini, hata kama wao wenyewe kwa wenyewe waliendelea na Tâi-gí. Watoto hao walielewa lugha bila kuisema, na watoto wao wakaanza kutoielewa kabisa. Hakuna askari aliyehitajika kusimama mlangoni. Aibu ilitosha.

Sheria ya kijeshi ilipoondolewa mwaka 1987, lugha zilikuwa miongoni mwa madai ya kwanza. Wahakka walitangulia: tarehe 28 Desemba 1988 waliandamana Taipei wakidai lugha yao ya mama. Waliozungumza Kihokkien walichukua njia ya serikali za wilaya. Baada ya uchaguzi wa 1989 chama cha upinzani cha DPP kilishika wilaya kadhaa, na mwaka 1990 Yu Shyi-kun, mkuu wa wilaya ya Yilan kaskazini mashariki, akaingiza lugha za mama katika shule za wilaya yake. Adhabu zikakoma, vitabu vikatungwa, walimu wakapewa mafunzo. Wilaya nyingine zikafuata. Kwa mara ya kwanza tangu vita, mwalimu aliweza kumsalimia mtoto kwa Tâi-gí mbele ya ubao na isiwe kosa. Mwaka 1993 bunge likafuta kifungu kilichobana lugha katika utangazaji.

Hapo ndipo gharama ya miaka arobaini ya ukimya ilipoonekana. Lugha iliyofukuzwa shuleni haikuwa imepata nafasi ya kukubaliana juu ya maandishi yake. Kanisa lilikuwa na Pe̍h-ōe-jī. Wengine walitaka herufi za Kichina peke yake, ingawa maneno mengi ya kawaida ya Kihokkien hayana herufi inayokubaliwa na wote. Wengine, kama mwanaisimu Robert Cheng wa Hawaii, walipendekeza mchanganyiko: herufi za Kichina pale zinapofaa, na za Kilatini pale zinapokosekana. Kila mtunzi wa kitabu cha shule alichagua lake, na mtoto aliyehama shule alikuta neno lile lile limeandikwa kwa sura nyingine. Wizara ya Elimu ilitangaza mfumo mmoja mwaka 1998, lakini mabishano hayakukoma. Oktoba 2006 ikatangazwa suluhu, mfumo uitwao Tâi-lô, uliokaribia sana mwandiko wa kanisa. Kati ya 2007 na 2009 wizara ikatoa orodha ya herufi za Kichina 700 zinazopendekezwa, kisha ikafungua kamusi ya mtandaoni yenye sauti, na mwaka 2010 ukaanza mtihani wa serikali wa kupima umahiri. Kazi hii haikuwa na mbwembwe, lakini bila hiyo hakuna mwalimu ambaye angeweza kusahihisha daftari.

Wakati huo somo lilikuwa limeshaingia mtaala wa taifa. Kuanzia mwaka 2001 kila mwanafunzi wa shule ya msingi alitakiwa kuchagua lugha moja kati ya Kihokkien, Kihakka na lugha za wenyeji asilia, na kuisoma kipindi kimoja kwa wiki. Kipindi hicho ni dakika 40. Mwaka huo huo Kiingereza nacho kiliingia shule za msingi, na wazazi wengi walijua ni lipi kati ya masomo hayo mawili wangelilipia masomo ya ziada jioni.

Tuitazame hali ya darasa lenyewe. Kihokkien ni lugha ya toni: Tâi-gí ina toni saba za msingi, na silabi zile zile zikibadilishwa mwinuko wa sauti huwa neno jingine. Zaidi ya hapo, karibu kila silabi isiyo ya mwisho katika kifungu hubadili toni yake kwa kanuni maalumu. Mzungumzaji wa nyumbani hufanya hayo bila kujua kwamba anayafanya. Mtoto anayekutana na lugha mara moja kwa wiki hulazimika kuyafikiria, na anayefikiria toni hawezi kuzungumza kwa kasi ya mazungumzo. Hujifunza majina ya matunda, rangi, wanyama na nyimbo fupi, akafaulu, kisha kengele ikalia na darasa lote likarejea Kimandarini.

Walimu nao waliandaliwa kwa haraka. Wengi walitoka nje ya ajira ya kudumu: wasemaji wazuri waliopata cheti, wakalipwa kwa kipindi, wakizunguka shule kadhaa kwa wiki ili mapato yatoshe. Ni watu walioibeba kazi hii kwa mapenzi. Lakini mwalimu asiyekuwa na meza katika chumba cha walimu, ambaye wanafunzi humwona dakika 40 kisha akaondoka, huwafikishia ujumbe ambao hakuukusudia, kwamba somo lake si la lazima. Somo lisilohesabiwa katika mitihani ya kuingilia sekondari na chuo lilikuwa la kwanza kutolewa kafara pale ratiba ilipobana.

Tarehe 25 Desemba 2018 bunge lilipitisha Sheria ya Maendeleo ya Lugha za Taifa, iliyoanza rasmi tarehe 9 Januari 2019. Lugha asilia za jamii zote za kisiwa hicho, pamoja na lugha ya ishara ya Taiwan, zilipewa hadhi ya lugha za taifa. Julai 2019 televisheni ya umma ikafungua chaneli ya Tâi-gí, yenye habari, katuni na vipindi vya sayansi kwa lugha ambayo zamani iliachiwa wahuni wa tamthilia. Agosti 2022 sheria ikafika shule za sekondari: darasa la saba na la nane walipata kipindi kimoja kwa wiki, na mwaka wa kwanza wa sekondari ya juu ukapewa krediti mbili za lazima. Mnyororo uliokuwa ukikatika mtoto akimaliza msingi ukaunganishwa.

Je, inatosha? Sensa ya mwaka 2020 iliuliza watu lugha wanayoitumia zaidi. Kati ya wenye miaka 65 na zaidi, karibu theluthi mbili walitaja Kihokkien. Kati ya watoto wa miaka 6 hadi 14, ni asilimia 7.4 tu. Watoto hao wote walikuwa wamezaliwa baada ya somo kuingia mtaala wa taifa. Mwaka 2021, miaka miwili baada ya sheria kuanza, mbunge Chen Po-wei alimuuliza waziri wa ulinzi maswali kwa Tâi-gí huku mkalimani akiwa ameandaliwa, na waziri akamtaka atumie Kimandarini. Mabishano yao yalionyesha kwamba haki iliyoandikwa katika gazeti la serikali bado ilikuwa ngeni ndani ya jengo lililoitunga. Juu ya hayo, tangu 2018 serikali ina mpango wa kuifanya nchi itumie Kimandarini na Kiingereza kufikia 2030, na saa za shule haziongezeki.

Wapo wanaosema kwamba takwimu hizi ni ushahidi kuwa shule haiwezi kufufua lugha. Historia ya Taiwan yenyewe inawakanusha. Shule ndiyo iliyofanikisha Kimandarini, lugha ambayo mwaka 1945 ilikuwa ngeni kwa karibu kila Mtaiwani. Haikufanya hivyo kwa dakika 40. Ilifundisha hesabu kwa Kimandarini, ikapanga foleni kwa Kimandarini, ikatoa zawadi, ikaita majina, ikazungumza na wazazi na kutangaza mitihani kwa Kimandarini, siku nzima, kwa miaka arobaini. Kihokkien hakijawahi kupewa hata sehemu ya kumi ya nafasi hiyo. Kimerudishwa kama somo, ilhali kiliondolewa kama maisha.

Sheria ya 2019 imeacha mlango wazi kwa jambo hilo, kwa kuwa inaruhusu shule kufundishia kwa lugha yoyote ya taifa. Baadhi ya shule za chekechea zimeshaanza: mwalimu hupokea watoto, huwagawia chakula, huwaamua wanapogombana na kuwasimulia hadithi kwa Tâi-gí tangu asubuhi, na watoto wa miaka minne hushika toni ambazo mwanafunzi wa darasa la saba anahangaika nazo. Vibao havihitajiki, na mtoto haambiwi kwamba Kimandarini chake ni kosa. Hapo ndipo fedha, ajira za kudumu na walimu bora wanapaswa kuelekezwa: chekechea, kisha somo moja la msingi lifundishwe kwa lugha hiyo, kisha jingine. Tena ifanyike upesi. Babu na bibi wenye Tâi-gí isiyo na doa bado wapo hai katika nyumba za Tainan, Yilan na Changhua, na wanaweza kuisaidia shule kazi ambayo kamusi haiiwezi. Sheria inaweza kuongezewa muda kwa kura ya bunge. Wao hawana wa kuwaongezea.